Laptopu Isiyo na Homa

Ukipita Nyakahura mchana, ukitokea Lusahunga kwenda Rusumo, ukamwona mtu mrefu amesimama kando ya lami ameegemea fimbo, na ng'ombe wake wamekwisha kumwacha wanajilia majani ya watu, usimpigie honi ukidhani amerukwa na akili. Huyo ni Ngassa. Anangoja lori lipite.

Lori lenyewe halimhusu. Hajui limebeba nini wala mwenyewe ni nani. Lakini linapoanza kupanda kilima, dereva akashusha gia na injini ikabadili sauti, ule mngurumo humwingia Ngassa kwenye nyayo, ukapanda magotini, ukatulia kifuani. Mkono wake wa kushoto huachia fimbo, ukashika hewa, ukasukuma mbele, ukavuta nyuma. Mguu hukanyaga majani taratibu. Lori likipotea kwenye kona yeye huendelea nalo, hupita Benako, huvuka daraja, hushuka na kupanda milima ya nchi za watu, na inaweza kupita saa nzima kabla hajarudi kwenye fimbo yake.

Majirani wamezoea. Husema Ngassa ana ng'ombe wengi na malori mengi zaidi, bahati yake tu malori hayali mahindi ya jirani. Naye hucheka pamoja nao, maana mtu akitaniwa miaka ishirini na asicheke, basi ana roho ngumu.

Wazazi wake walihamia huku kutoka upande wa Shinyanga wakifuata malisho, yeye akiwa bado mgongoni. Alipoanza kuota ndevu, kambi ya Lukole kule Ngara ilikuwa imejaa wakimbizi, na barabara hii ikajaa malori ya mahindi, maharage na mafuta ya kula. Dereva mmoja, jina lake Frednand, alikuwa akisimama kwao kununua maziwa. Akampenda kijana. Akamwahidi kwamba utingo wake akiacha kazi, Ngassa atapanda badala yake, atafunga maturubai, atagonga matairi kwa nyundo kusikiliza upepo, na polepole atafundishwa usukani. Madereva wengi wa siku zile walianza hivyo hivyo.

Kabla siku haijafika, Ngassa alimkimbiza ndama vichakani na mwiba wa mgunga ukamchoma jicho la kushoto. Jicho likafa. Msimu uleule utingo akaacha kazi. Ngassa alitoka na begi lake, akasimama barabarani. Frednand akashuka, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku, akasema kwa upole, "Mdogo wangu, gari refu halina huruma na mwenye jicho moja. Ungetuua." Akapanda, akaondoka.

Uchungu wa kukataliwa ulikwisha, maana hakuna uchungu usiozoeleka. Kilichobaki ni swali. Je, ilikuwa kweli? Je, angewaua watu, au angeweza? Ngassa hakuwahi kugusa usukani wa gari lolote maishani, wala hakuona namna ambayo angepata jibu. Katika miaka ya mwanzo ya ndoa yao alimwuliza mkewe, Kwandu, anafikiri nini. Kwandu alikuwa anapepeta mtama, na ungo haukusimama. Alisema Frednand ni dereva, na dereva anajua kazi yake. Ngassa hakuuliza tena.

Basi mwaka huu binti yao Rozina, ambaye ni muuguzi Ngara mjini, alikuja likizo na simu yake kubwa. Siku moja alimwona baba yake ameketi kibarazani anasukuma gia ya hewani, akamwonea huruma, akamfungulia mchezo wa malori. Mchezaji ndiye dereva. Kuna usukani, kuna vioo vya pembeni, kuna barabara inayokuja na kuja, na mizigo ya kufikisha. Ngassa aliishika ile simu kwa mikono miwili, akaisogeza puani, akaisogeza mbali. Kioo kilikuwa kidogo mno kwa jicho moja la mtu anayekaribia miaka hamsini. Lakini alikuwa ameona. Usiku ule na siku zilizofuata barabara ile ilimjia kila alipofumba macho.

"Tafuta laptopu, baba," Rozina akamwambia kabla hajaondoka. "Za mtumba zipo, za bei nafuu. Kioo chake kipana. Utaperuzi, utaangalia barabara za dunia nzima, na mchezo nimekuwekea kwenye hii flashi."

Kwandu alikuwa anawasikiliza kutoka jikoni. "Mtu mzima na michezo ya watoto," alisema, akaendelea na ugali wake. Hakuwa mwanamke wa kununa, na kwa hiyo Ngassa alishangaa kumwona amenuna hadi jioni.

Alimpeleka ndama dume mnadani, akapata fedha, akapanda gari hadi njia panda ya Nyakanazi. Pale pana duka la dada mmoja wa Kihangaza, Esperansia, anayetengeneza simu na kuuza kompyuta za mtumba. Dada huyo ana mikono myepesi na maneno machache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka laptopu. Ya matumizi ya kawaida tu. Kuperuzi, na... mchezo kidogo." Hilo neno la mwisho alilisema akitazama mlangoni, kama mtu anayeulizia dawa ya aibu.

Esperansia akamwekea mbili juu ya meza. Bei zake zilikaribiana. Moja ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, nyepesi, haina mkwaruzo. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, kona moja imekwanguka. Akaziwasha zote.

Sasa, Ngassa hajui kompyuta, lakini kuchagua anajua. Amechagua ng'ombe tangu utotoni, na mtu wa kwao haamini maneno ya muuzaji hata kama muuzaji ni shangazi yake. Aliinama akazitazama kwa pembeni. Akazizunguka. Akauliza zimetoka kwa nani, zilikuwa zikifanya kazi gani, na kwa nini mwenyewe aliziuza. Kisha akaweka kiganja juu ya ile nyeusi, akakitoa haraka. Ilikuwa ya moto. Akasogeza sikio. Ilikuwa inahema, pumzi fupi fupi za joto zikitoka ubavuni bila kupumzika. Akahamia kwenye ile ya fedha, akaigusa kila mahali. Baridi. Akasikiliza. Kimya kabisa, imetulia kama haijawashwa.

Kila mfugaji anajua maana ya hayo. Ng'ombe akiwa na ndigana, unamshika masikio yanakuunguza, na ubavu unapanda na kushuka huku amesimama tu. Hata akiwa mnene vipi, huyo humnunui. Atakufia njiani.

"Hii nyeusi inaumwa," Ngassa akasema kwa sauti ya chini, asimwaibishe mwenye mali.

"Haiumwi, mzee. Hiyo ni feni inapoza prosesa. Ina nguvu, ndiyo maana inapata moto. Hii nyembamba haina feni, ni ya kuandika na kufungua mtandao. Kama ni mchezo mzito itachoka."

"Mchezo mdogo tu," Ngassa akasema. Akatabasamu. Amewahi kusikia wauzaji wengi wakimsifia ng'ombe mwenye homa kwamba ana damu ya moto. Akalipia ile ya fedha.

Wahenga husema mchagua nazi hupata koroma. Wahenga hao hawakuwa wafugaji, lakini walikuwa na macho.

Siku za kwanza zilikuwa tamu. Umeme ulikwishafika kwao, na kwa simu yake aliiunganisha laptopu na mtandao kama Esperansia alivyomwonyesha. Adhuhuri, ng'ombe wakiwa wamelala kivulini wakicheua, Ngassa aliketi kwenye benchi ndani na kuandika neno moja moja kwa kidole. Barabara. Milima. Malori. Dunia ikamfungukia. Aliona barabara nyeupe iliyopita katikati ya theluji, na lori jekundu dogo likipita peke yake. Aliona barabara iliyojikunja mlimani mara nyingi hata ukasahau ilianzia wapi. Aliiona na barabara yao wenyewe kutoka juu, picha iliyopigwa angani, uzi mwembamba unaotoka Isaka na kupita Nyakanazi na kupita hapo, na akatafuta sana kama ataliona paa lake. Alipotoka nje alishangaa kukuta jua limesogea. Ng'ombe walimtazama naye akawatazama, kila upande ukiwa bado mbali kidogo.

Mchezo aliuogopa. Aliuacha hadi siku alipojiona yuko tayari. Rozina akamwelekeza kwa simu namna ya kuuingiza kutoka kwenye flashi, na alasiri moja akaketi, akajifuta mikono kwenye suruali, akawasha injini.

Lori likaondoka. Ngassa akalia machozi, simfichi. Barabara ilikuja, miti ikaja, na kwa kitambo kidogo alikuwa Frednand mwenyewe. Kisha kona ikatokea. Alikata usukani kwa wakati, alikuwa na uhakika, lakini lori lilisimama, likaruka, likajikuta mtaroni. Akaanza upya. Kona ikatokea, akakata, lori likasitasita na kuruka na kugonga ukuta wa daraja. Akaanza upya. Akamgonga mtu wa baiskeli. Alijaribu alasiri ile, na kesho yake, na keshokutwa. Kila safari iliishia mtaroni, na mara nyingi upande wa kushoto.

Siku ya tatu aliifunga ile laptopu, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, akatoka nje. Jibu alikuwa amelipata. Frednand alisema kweli. Angewaua.

Unaweza kudhani mtu akipata jibu la swali la miaka thelathini hupumzika. Ngassa alinyamaza. Alichunga, alikamua, alikula, alijibu salamu. Lori likipanda kilima hakusimama. Wa kwanza kugundua walikuwa majirani, wakauliza mzee wa malori ana nini, na hakuna aliyecheka. Mimi nadhani kijiji huwa na mtu mmoja wa kuwaotea wengine ndoto, na akiacha, kila mmoja huona kuna kitu kimepungua hata kama hajui ni nini.

Kwandu aliona kuliko wote. Adhuhuri moja Ngassa aliingia ndani akamkuta ameketi mbele ya laptopu, kitambaa amekiondoa, kidole chake cha unga kikibonyeza vitufe. Tangu kitu kile kilipofika nyumbani hakuwahi kukikaribia, alikuwa akimtazama tu mumewe kwa mbali. Ngassa alisimama mlangoni, akamwona akiingia mtaroni.

"Mama Rozina, unafanya nini?"

Kwandu hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa umekazana, kama mtu aliyebeba ndoo na hataki imwagike.

"Mimi nina macho mawili," alisema. "Na mimi nimeingia mtaroni."

"Hujui tu. Hujazoea."

"Njoo utazame. Sigusi kitu. Ile miti inaruka. Yule mtu wa baiskeli anaruka. Hakuna anayeendesha miti, Baba Rozina. Kinachoshindwa ni hiki chombo, si jicho lako." Akasimama, akajifuta unga kwenye kanga. "Kirudishe kwa yule dada. Mwambie ukweli kwamba ni malori. Huwezi kuulizia dawa huku unaficha ugonjwa."

Akatoka haraka kwenda kwenye mtama wake. Ngassa alimwona akiinua ungo na kuuweka chini bila kupepeta chochote.

Alienda Nyakanazi asubuhi iliyofuata. Alimwambia Esperansia ukweli wote, hadi na jicho, na dada yule hakucheka. Ile nyeusi nene ilikuwa bado mezani, na kona yake iliyokwanguka.

"Hii haijapata mteja," akasema. "Kila mfugaji anayeingia anaishika, anaisikiliza, anairudisha. Nimeshaambiwa niipige sindano."

Akachomeka flashi ya Rozina, akawasha mchezo. Ile laptopu ikaanza kuhema, pumzi zikaongezeka, na lori likatiririka barabarani bila kusita, miti ikapita mmoja baada ya mwingine. Ngassa aliweka kiganja ubavuni mwake akasikia joto. Ilimjia wazi kwamba hata dume linalolima huhema, hata maksai wanaovuta huhema, na yeye miaka yote amejua hivyo, ila alikwenda kumchagua mnyama wa kulima kwa kutazama aliyelala. Akabadilishana, akaongeza kidogo, akarudi nyumbani ameikumbatia njia nzima.

Mvua ilinyesha alasiri ile. Mvua ya Nyakahura ikilipata bati haimruhusu mtu kuzungumza, na hakuna kazi ya shamba. Kwandu aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akisuka ukili, mbali kama kawaida yake. Ngassa akaiweka laptopu juu ya ubao ili ipate pumzi, akajifuta mikono kwenye suruali.

Safari ilikuwa ndefu. Alitoka na mzigo mji asioujua, akapita daraja, akapita kijiji chenye nyumba nyekundu, akapanda mlima na kushusha gia na kupanda. Kona zilikuja naye akazikata. Watu wa baiskeli walipita salama. Upande wa kushoto, ambako jicho halikuwa na kazi, aligeuza shingo kidogo, kama anavyofanya akichunga, na kioo chote kikawa chake. Mvua ya nje na barabara ya ndani vilichanganyika, na ile pumzi ya moto ya laptopu ikimpuliza mkononi, ikawa hakuna tena nyumba wala benchi. Alikuwa mbali sana. Alikuwa na umri wa kuota ndevu, na begi lake lilikuwa nyuma ya kiti.

Alifika. Akaingiza lori na tela lake kinyumenyume kwenye ghala jembamba, taratibu, asiguse nguzo wala ukuta. Maandishi yakatokea kumpongeza. Hakuyasoma.

"Ningeweza," akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo, na mvua ilikuwa kubwa, lakini Kwandu alisikia. Mikono yake ilisimama kwenye ukili.

"Ungeweza," akasema Kwandu. "Nilijua."

Ngassa akageuka. "Ulijua lini?"

"Mwaka wa mimba ya Rozina. Ulipopitisha mkokoteni wa maksai kwenye daraja la miti, mto umefurika, na mimi nimeketi juu ya magunia. Gurudumu la kushoto lilipita kwenye gogo la mwisho kabisa, hapakuwa na hata nafasi ya kidole. Hukusimama. Nikajua huyu mtu angeendesha kitu chochote."

"Nikakuuliza," Ngassa akasema. "Baada ya hapo nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mbona ukasema vile?"

Kwandu alimtazama, kwenye jicho zima na kwenye jicho lililokufa, yote mawili.

"Ningekwambia kweli, ungeondoka."

Ngassa alihisi hasira ikimpanda. Ilikuwa hasira kubwa, ya malori yote yaliyopita bila yeye, na ilimfika kooni. Alikuwa na haki nayo. Angeweza kuondoka kweli, alijijua. Angekuwa mtu wa Rusumo na Isaka, anayerudi nyumbani mara moja kwa msimu na kukuta watoto wamebadilika sura. Na mwanamke huyu, aliyekuwa binti mdogo mwenye tumbo kubwa katika nchi isiyo ya kwao, aliliona hilo akiwa juu ya magunia, akaogopa, akaibeba hofu yake peke yake hadi jana, alipokaa kwenye benchi hili na kuamua kuitua. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuogopa kiasi kile kwa sababu yake yeye, Ngassa. Hasira ikakaa kooni. Haikutoka, wala haikurudi chini. Labda itakaa hapo siku nyingi. Mimi sitaki kukudanganya.

Alirudisha uso kwenye kioo. Safari mpya ilikuwa inamngoja, mzigo tayari, injini inanguruma polepole. Akasogea kwenye benchi kwenda kulia, pakabaki nafasi.

"Panda," akasema.

Kwandu aliweka ukili chini. Akaja, akaketi upande wa kushoto, upande ambao Ngassa haoni. Lori likaondoka ghalani. Walipofika barabara kubwa, Ngassa akapunguza mwendo, akamwuliza kama kwa upande huo kuko wazi.

Kwandu akasogeza uso karibu na kioo, akatazama.

"Pita," akasema.